Gereji ya Wasomaji: Manifoldi ya ekzosi imepasuka, nifanyeje?

Barua za safari hii karibu zote zinalia jambo moja: gari la porini lenye umri wake, manifoldi ya ekzosi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye milango ya injini, ina ufa au inavuja. Tumechagua saba. Tatu ni za Land Rover Defender yenye injini ya Td5, dizeli ya silinda tano, moja ni ya Land Cruiser ya petroli, na nyingine zinamfaa yeyote mwenye chuma cha zamani.

Shikamooni mafundi. Nina Defender 110 ya Td5. Asubuhi nikiwasha inalia tsi-tsi-tsi upande wa ekzosi, ikishapata moto mlio unaisha. Fundi wa kwanza kasema tapeti, wa pili kasema nozo, wa tatu manifoldi. Nimwamini nani?
*Msomaji, Iringa*

Marahaba. Mwelekee huyo wa tatu, ila asifungue nati hata moja kabla hajakuonyesha masizi. Manifoldi inayovuja huacha alama: mstari mweusi mkavu, kama moshi wa kibatari ukutani, unaoanzia kwenye gasketi, kizibo chembamba cha maungio, au kwenye ufa wenyewe. Ondoa bati la kukinga joto, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, uanze na mlango wa moshi wa kwanza na wa tano. Kwenye Td5 ugonjwa huu huanzia nchani.

Kingine ni muda wa mlio. Td5 inatumia tapeti (visukuma valvu) za oili, hazirekebishwi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Tapeti iliyolala bila oili hugonga sekunde chache tu, oili ikifika inanyamaza. Manifoldi huchukua dakika kadhaa, kwa sababu inasubiri chuma kipate moto, kivimbe na kujiziba. Tena ukilitwisha gari mzigo likiwa bado baridi, mlio wa manifoldi unapanda nao. Nozo, kinyunyizia dizeli, nayo hugonga kavu, kama msumari ndani ya kopo. Haina ile pumzi ya "tsi".

Ukitaka uhakika, weka maji ya sabuni kwenye chupa ya kupuliza. Injini iwe imelala usiku kucha. Nyunyiza kandokando ya gasketi, washa, na mtu mwingine azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde tatu hadi tano, si zaidi. Panapovuja patatoa povu. Una kama dakika moja kabla chuma hakijakausha sabuni yako. Mpira wa maji wa mita moja nao unafaa: ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha mlango kwa mlango, mbali na feni na mikanda.

Na kama gari limepoteza nguvu mlimani huku likitoa moshi mweusi kuliko zamani, hilo nalo ni la mtuhumiwa huyohuyo. Moshi unaovujia kabla ya tabo, pangaboi linaloisukumia injini hewa, hauzungushi tabo hiyo.

Mafundi, habari za kazi. Defender yangu ya Td5 ya 2002 imekata stadi (bolti zisizo na kichwa) mbili za mwisho za manifoldi, na sasa kuna ufa kati ya mlango wa tatu na wa nne. Mwaka juzi nilibadilisha gasketi, ikadumu miezi minne. Nataka kufanya kazi hii mwenyewe. Ninunue nini, nianzie wapi?
*Msomaji, Karatu*

Gasketi ya mwaka juzi haikuwa na kosa. Ulifunga gasketi iliyonyooka kwenye manifoldi iliyopinda, na yenyewe ikavumilia miezi minne.

Hesabu yake ni hii. Chuma cha kasti hurefuka milimita 0.011 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Manifoldi yako ina karibu nusu mita, na ukipanda na mzigo inaweza kupata moto nyuzi 500 zaidi ya ilivyokuwa asubuhi. Hapo imerefuka milimita mbili na nusu na ushee. Hedi, kichwa cha injini ambako manifoldi inafungwa, ni ya aluminiamu, inapozwa na maji, kwa hiyo haifiki hata milimita moja. Tofauti hiyo inabebwa na stadi za nchani, kila safari, kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo, kwenye Td5 milango mitano imeunganishwa kwa vidaraja vya chuma. Vidaraja vinabanwa vikiwa na moto, vikipoa vinavuta. Miaka ikipita manifoldi inakuwa fupi kuliko ilivyotoka kiwandani na inakunjika kama upinde, ncha zikiachana na hedi. Stadi ya kwanza inakatika, kisha ya mwisho, halafu chuma chenyewe kinapasuka mahali pembamba. Ufa wako ni hatua ya mwisho ya ugonjwa wa siku nyingi.

Ndiyo maana ukinunua manifoldi ya mtumba ya gari la umri uleule, unanunua ugonjwa uleule. Chaguo letu la kwanza ni manifoldi mpya isiyo na vidaraja. Watengenezaji wa spea wanazitoa. La pili ni ya mtumba ambayo haina ufa: peleka kwa mchonga vyuma, akate vidaraja vyote vinne kati ya milango, kisha apige fesi, yaani asawazishe kwa mashine, uso mzima mpaka ung'ae pote. Kwa kawaida kinachoondolewa hakizidi milimita moja. Matundu ya stadi za nchani ayapanue kidogo, milimita moja hadi moja na nusu, ili manifoldi iwe na nafasi ya kutembea. Ya katikati ayaache yalivyo. Kata kwanza, piga fesi baadaye. Ukigeuza utaratibu huo, chuma kinajipinda upya kikishakatwa na hela ya fesi imepotea.

Jinsi ya kupima: laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi, pitisha fila geji chini yake. Sisi hatufungi iliyozidi milimita 0.2. Pima na hedi pia, ingawa mara nyingi hedi haina tatizo.

Vya kununua: manifoldi, gasketi yake, namba LKG100470, ya bati la chuma, si ya karatasi, stadi 10 na nati 10 za M8, zote mpya, hata zile zilizotoka nzima, gasketi ya tabo na manifoldi, gasketi ya bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo, washa mbili za shaba za bomba linalopeleka oili. Kama bomba la EGR, linalorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, bado lipo, ongeza gasketi yake. Usikubali stadi za chuma kisichoshika kutu cha madukani. Zinang'aa vizuri lakini uzi wake hung'ang'ana na nati, na siku ya kufungua utazikata zote. Bolti za duka la vifaa vya ujenzi ndiyo usiziguse kabisa.

Kazi inaanza jana yake jioni. Injini ikiwa na uvuguvugu, nyunyizia kila nati dawa ya kulegeza kutu, rudia baada ya saa moja, na tena kabla ya kulala. Kesho yake toa waya hasi wa betri, ondoa bati la joto, mabomba ya hewa ya tabo, bomba la ekzosi la chini, kisha mabomba ya oili. Tabo itoke kwanza. Wapo wanaotoa manifoldi na tabo kwa pamoja, lakini nati za chini hazifikiki vizuri, na spana iliyokaa upande ndiyo inayomaliza pembe za nati. Kila mdomo wa tabo uzibe kwa kitambaa safi hapohapo. Washa moja ikiingia humo na injini ikawashwa, umenunua tabo.

Nati hushikwa kwa soketi 13 ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili. Anzia nchani kwenda katikati. Nati ikigoma usiivute kwa hasira: ikaze kidogo sana, irudishe, ikaze, irudishe, huku unaongeza dawa. Ukisikia inakuwa laini kama chingamu badala ya kukwama, acha. Stadi inajisokota na itakatika. Ipashe nati moto kwa gesi mpaka iwe nyekundu hafifu, baada ya kuondoa kila kitu cha plastiki na mafuta kilicho karibu, kisha jaribu tena.

Manifoldi ikishatoka, kwangua masizi kwenye hedi kwa kikwangulio cha plastiki au mbao. Aluminiamu haitaki msasa wa mashine. Matundu yote kumi yapitishie tapu (kichonga uzi) ya M8 × 1.25 kwa mkono na uyapulize. Stadi mpya ziingie kwa vidole mpaka mwisho, kisha zibane kidogo tu kwa nati mbili zilizofungana. Gasketi inafungwa kavu. Usipake siliko wala gundi, vitaungua na kuacha nafasi. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye uzi wa upande wa nati.

Kabla ya gasketi, jaribisha manifoldi mpya juu ya stadi. Iteleze yenyewe hadi kwenye hedi. Ukilazimika kuipigapiga kwa nyundo ili iingie, matundu hayajalingana. Rudi kwa mchonga vyuma. Funga nati zote kwa mkono, kisha kutoka katikati kwenda nchani kwa mzunguko wa kwanza wa Nm 15 na wa pili wa Nm 25 (Nm ni kipimo cha torki, nguvu ya kukaza). Angalia pia kitu kimoja ambacho wengi hukipita. Flenji (bapa la manifoldi linalokaa kwenye hedi) iliyopigwa fesi imekuwa nyembamba, na nati inaweza kufika mwisho wa uzi wa stadi kabla haijabana chochote. Torki itasoma vizuri, gari litavuja. Dawa yake ni washa nene ya chuma kigumu chini ya kila nati.

Tabo irudi na gasketi mpya. Kabla ya kufunga bomba la oili, mimina oili safi ya injini kwenye tundu lake huku ukizungusha pangaboi kwa kidole, mpaka lijae. Ukishawasha, iache iungurume taratibu dakika mbili tatu bila kukanyaga mafuta. Itatoa moshi wa dawa ya kutu na mafuta ya mikono; utaisha baada ya nusu saa. Baada ya kilomita 500 hivi, gari likiwa baridi, pitia nati zote tena kwa Nm 25.

Halafu, kabla hujashusha boneti, ingia chini ya gari. Shika bomba la ekzosi ulitikise. Kama mpira wa kulining'iniza umekatika, au mpira wa kushikilia injini umekufa, uzito wote wa bomba unaning'inia kwenye manifoldi kila unapopita kwenye barabara ya matuta madogomadogo. Badilisha na hivyo, ni vya bei ndogo.

Wakati wa kufungua, stadi moja ilikatika usawa wa hedi. Fundi kaitoboa, kaingiza izi-auti, kile kifaa cha kung'olea bolti zilizokatika, nayo imevunjikia humohumo. Sasa anataka kuongeza tundu kwa drili. Ni Td5 pia. Nimwache?
*Msomaji, Dodoma*

Hapana, mzuie. Izi-auti ni chuma kigumu kuliko biti yake ya kawaida. Biti itateleza ikaingia kwenye aluminiamu laini ya pembeni, na tundu litakuwa yai. Ulipofika una njia mbili: biti ya kabaidi kwenye mashine iliyosimama imara, au kutoa hedi na kuipeleka karakana yenye mashine ya kutoboa kwa cheche za umeme, inayokula chuma kigumu bila kugusa ukuta wa tundu. Ya pili ni ghali zaidi, na ndiyo tunayoishauri kama fundi wako hana namna ya kuishika drili isitikisike.

Kwa wengine ambao stadi zao zimekatika lakini hazijaguswa: izi-auti iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa. Stadi iliyokatika kwa kutu na joto imeng'ang'ania uzi mzima, na kifaa chembamba kuliko stadi hakiwezi kushinda pale stadi yenyewe iliposhindwa. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kuchomelea nati. Weka washa ya M8 juu ya kisiki, ichomelee kwa ndani, kisha weka nati juu ya washa uichomelee nayo kwa kuijaza katikati. Chuma cha kuchomelea hakishiki aluminiamu, kwa hiyo usiogope sana hedi. Ogopa kompyuta ya injini. Toa betri na uchomoe soketi za kompyuta iliyo chini ya kiti cha mbele kabla ya kuchomelea. Waya wa ardhi wa mashine uubane kwenye hedi yenyewe, karibu na kazi.

Nusu ya faida ya njia hii ni joto. Nati ikiwa bado ya moto, gusisha kipande cha mshumaa kwenye mzizi wa stadi. Nta itayeyuka na kunywewa na uzi. Subiri wekundu uishe, kisha zungusha mbele na nyuma kwa pole. Ikikatika tena, chomelea tena. Mara tatu au nne ni kawaida.

Ukilazimika kutoboa, tumia flenji ya manifoldi ya zamani kama mwongozo, na ndani ya tundu lake ingiza bushi iliyochongwa ya kubana biti katikati. Anza na milimita 3, kisha 5, kisha 6.8, halafu tapu ya M8 × 1.25. Kina kipime kwa tundu la jirani na ukiweke alama ya selotepu kwenye biti. Uzi ukiwa umekwisha kabisa, panua kwa biti ya 8.3 na uweke Helicoil (uzi wa waya unaoingizwa tunduni) ya M8. Ikifungwa vizuri inashika kuliko aluminiamu ilivyokuwa mwanzo.

Salamu kutoka Rift Valley. Niko na Land Cruiser FJ60 ya petroli, injini ya 2F. Manifoldi ya ekzosi ilipasuka, nikapata ya mtumba isiyo na ufa, nikafunga na gasketi mpya. Sasa ekzosi haivuji lakini injini inatetemeka ikiwa imesimama, na ukipandisha chok inatulia. Mekanika anasema kabureta.
*Msomaji, Nakuru*

Kabureta haijafanya kosa, chok imekwambia ukweli. Injini inavuta hewa ya wizi kupitia manifoldi ya kuingizia.

Kwenye 2F manifoldi mbili, ya hewa na ya ekzosi, zinakaa upande mmoja wa hedi, zinatumia gasketi moja, na zimefungwa pamoja katikati chini ya kabureta. Baadhi ya nati zina washa nene zinazokanyaga masikio ya manifoldi zote mbili kwa wakati mmoja. Ulipoleta ekzosi ya gari jingine, sikio lake likawa nene kuliko la manifoldi yako ya hewa. Washa inakanyaga ekzosi, ya hewa imebaki inaelea. Pima masikio yote kwa venia, kipimo cha unene. Tofauti ikizidi milimita 0.2 umempata mwizi.

Kuthibitisha, nyunyiza ukungu wa maji kwenye maungio ya manifoldi ya hewa injini ikiunguruma. Mlio ukibadilika, hapo ndipo. Wengine hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Juu ya ekzosi yenye moto sisi hatuthubutu.

Kurekebisha: toa zote mbili. Zifunge pamoja na gasketi mpya ya katikati, bolti zikiwa zimebana kiasi, na uzipeleke hivyo hivyo zikapigwe fesi kwa pamoja, kama kitu kimoja. Ukizipiga fesi moja moja hujafanya kitu. Masikio nayo yasawazishwe unene. Wakati wa kurudisha, legeza kidogo bolti za katikati ili kila moja ipate kukaa kwenye hedi, kaza nati za hedi kutoka katikati kwenda nje, kisha ndipo umalizie bolti za katikati. Anayekaza za katikati kwanza huzifunga manifoldi mbili zikiwa zinavutana, na ufa mpya unaanza siku hiyo.

Fundi wa kuchomelea mtaani kwetu anasema ataziba ufa kwa jioni moja, kwa elektrodi za kawaida. Manifoldi ya gari langu haipatikani tena. Pia nimeshauriwa kuizungushia kitambaa cha kuzuia joto ili isipasuke tena.
*Msomaji, Morogoro*

Kwa elektrodi za kawaida itapasuka tena, na safari hii pembeni ya mahali alipochomelea. Chuma cha kasti kina kaboni nyingi, karibu asilimia 3. Ukikiyeyusha na kikapoa haraka, ukingo wa mchomeleo unakuwa mgumu na mkavu kama kioo. Ufa hauhitaji zaidi ya hapo.

Kwa kuwa haipatikani tena, kuchomelea kunastahili kujaribiwa, ila kwa elektrodi za nikeli. Kwanza utafute mwisho halisi wa ufa, ambao mara zote uko mbele ya pale jicho linapoishia. Osha chuma, kikaushe, paka mafuta ya taa juu ya ufa, uache robo saa, ufute pakauke, kisha paka unga wa chaki. Baada ya muda mfupi mafuta yatachora mstari mweusi juu ya chaki, mpaka mwisho kabisa. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa mstari huo. Saga ufa wote uwe mfereji wenye umbo la V. Pasha manifoldi nzima mpaka nyuzi 250 au 300, si mahali pa ufa peke yake. Chomelea vipande vya sentimita mbili na nusu, kila kimoja kigongwegongwe kwa nyundo ndogo kikiwa bado na moto, kabla ya kingine. Ukimaliza, ifukie kwenye majivu makavu au chokaa mpaka kesho asubuhi. Isipigwe maji, isiwekwe kwenye upepo. Baada ya hapo lazima ikapigwe fesi, kwa sababu hakika imepinda. Ikiwezekana ifungwe kwa bolti kwenye bamba nene la chuma wakati wote wa kuchomelea.

Ikikaa mwaka, shukuru. Endelea kutafuta nyingine.

Kitambaa usiweke. Kinazuia joto lisitoke, na joto hilo linabaki ndani ya chuma cha kasti ambacho tayari kimechoka. Kitambaa kinafaa bomba la chini. Kwenye manifoldi weka bati la kukinga joto, lile lililokuja na gari na ambalo pengine lilitupwa siku bolti zake zilipokatika. Na ukifika mtoni na injini imetoka kuchemka mlimani, isimame dakika kumi kabla ya kuingia majini.

Je, naweza kuendelea kutembelea gari lenye ufa kwenye manifoldi mpaka mwisho wa mwezi? Harufu ya moshi inaingia ndani kidogo lakini tunafungua madirisha. Napeleka watoto shule.
*Msomaji, Lindi*

Hapana, dada. Harufu unayoisikia si ile inayoua. Moshi una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, nayo inaingia kwa njia ileile. Kwa petroli ni nyingi kuliko dizeli, lakini hatuwapimii watoto tofauti hiyo. Madirisha yakiwa wazi hayasaidii unavyodhani. Mara nyingi hewa inayozunguka nyuma ya gari hurudisha moshi ndani. Dalili ni kichwa kuuma, kusinzia na kichefuchefu, na mtoto anayesinzia njiani huonekana amechoka tu.

Gari lipumzike mpaka litengenezwe. Mkishalitengeneza, mwambie fundi azibe matundu ya ukuta kati ya injini na chumba cha abiria: mpira wa nyaya, wa kebo, na wa pedeli. Kwenye magari ya umri huu karibu kila moja lina tundu lililosahauliwa.

Mnataja Nm 25 kila toleo. Huku kwetu spana ya torki hakuna. Tufanyeje?
*Msomaji, Tunduma*

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ya kupimia samaki au nyama. Chukua spana au mpini wa soketi, pima sentimita 25 kutoka katikati ya nati, weka alama ya rangi hapo. Tia ndoano kwenye alama, vuta kwa pembe mraba na mpini, taratibu, bila kushtua, mpaka mizani isome kilo 10. Hiyo ni Nm 25. Kwa mpini mfupi wa sentimita 15 utahitaji kilo 17, na kosa dogo la mkono linakuwa kubwa, kwa hiyo tumia mrefu ukipata nafasi. Kwa mzunguko wa kwanza wa Nm 15, alama ileile ya sentimita 25, vuta mpaka kilo 6.

Mizani yenyewe ihakiki kwanza kwa ndoo: ining'inize ikiwa tupu na usome, kisha ongeza lita 10 za maji. Namba inapaswa kupanda kilo 10. Kama imepanda 9 au 11, andika kosa hilo kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa mizani na ulihesabu kila unapokaza.